Jiwe la Hisia

Hasira zangu nilizirithi kwa nyanya yangu pamoja na pua, na sijawahi kuona haja ya kuficha kimojawapo. Mimi ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela. Nilianza kazi hii wakati ambapo ng'ambo ya barabara ya Namanga kulikuwa na pundamilia wakila nyasi, na sasa kuna ghorofa, kanisa, na ghorofa nyingine ambayo haijaisha kwa sababu mwenyewe hajarudi kununua saruji. Kazi ya keshia ni kukaa nyuma ya wavu wa chuma na kudanganywa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mtu anarudisha bati lililopondwa na gari lake mwenyewe, anaapa kwa jina la Mungu kwamba alilinunua likiwa hivyo. Mimi humjibu.

Majibu yangu ndiyo yaliyotuletea akili ya hisia.

Mteja mmoja alirudisha kufuli akitaka abadilishiwe kwa kuwa amepoteza funguo. Nilimwuliza, kama funguo zimemshinda kutunza, ndani ya hiyo nyumba kuna nini cha kufungia. Nilidhani tumemalizana. Kumbe alikwenda kuandika insha nzima kwenye ukurasa wa duka mtandaoni, na watu ambao hawajawahi kununua hata msumari kwetu wakaja kumpa pole. Bosi alitusomea insha hiyo wafanyakazi wote tukiwa tumesimama, akinitazama mimi kila alipofika kwenye nukta. Wiki iliyofuata alikwenda semina katika hoteli fulani ya Nairobi, akarudi na cheti chenye fremu ya dhahabu, na mtu.

Mtu huyo alikuwa kocha wa hisia. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vimechongoka mbele, sauti laini ya mtu anayebembeleza mtoto wa wenyewe. Kabla ya hapo alikuwa akiuza matangi ya maji. Najua kwa sababu sisi alituuzia moja, liko pale nyuma ya duka juu ya mnara wa vyuma, na linavuja tangu siku lilipowekwa. Sasa alikuwa ameyaacha matangi na kuingia katika mioyo ya watu.

"Kutoka leo," bosi alitutangazia, "hii duka itaongozwa na emotional intelligence. Mtu akikuja hapa na hasira, sisi tunamrudishia upendo. Hakuna kufokeana tena. Mimi mwenyewe nimebadilika. NANI HUYO ANAONGEA NIKIONGEA?"

Wapakiaji wa saruji waliiita "ile akili ingine", kana kwamba ya kwanza wamekwisha kuikatia tamaa.

Basi kila asubuhi kabla ya kufungua tukawa tunasimama duara katika uwanja wa nyuma, kati ya rundo la mchanga na mabati. Kocha aliokota kipande cha jiwe la ujenzi kilichokuwa kimedondoka kutoka lori la machimbo, kikubwa kama mkate, akakiosha kwa maji yanayovuja kwenye tangi lake, akakiita jiwe la hisia. Anayeshika jiwe husema anavyohisi, na wengine humsikiliza kwa masikio ya moyo. Wa kwanza kupewa alikuwa mpakiaji mkongwe kuliko wote, mtu ambaye amebeba saruji iliyojenga nusu ya mji huu. Alilipima lile jiwe mkononi kama anayekadiria litafika wapi likirushwa.

"Mimi naskia njaa," alisema.

"Njaa si hisia," kocha alimwambia kwa upole. "Ingia ndani zaidi."

Mpakiaji alifikiri. "Ndani zaidi naskia njaa sana."

Kulikuwa pia na ubao karibu na mlango. Ukifika kazini unabandika kibandiko: kijani kama una furaha, njano kama uko hivi hivi, nyekundu kama una hasira. Mimi nilibandika nyekundu. Kesho yake nyekundu, na kesho kutwa nyekundu. Vibandiko vyekundu vilipoisha kocha hakununua vingine, na mwisho wa mwezi akamwonyesha bosi kwamba hasira zimekwisha kabisa dukani. Bosi alifurahi mpaka akanunua mandazi.

Wateja nao walipata sehemu yao. Tulifundishwa kumtazama mtu machoni bila kupepesa, kisha kuitaja hisia yake kwa sauti ili ajue kwamba ameonekana. Kijana wetu wa mauzo, aliyetoka chuoni juzi juzi na bado ana imani na kila kitu anachofundishwa, alikuwa wa kwanza kujaribu. Kontrakta mmoja aliingia akiwa ameletewa nondo nyembamba kuliko alizoagiza, mafundi wake wamekaa bure tangu asubuhi, jasho linamtiririka.

"Naona unahisi hasira," kijana alimwambia, macho yamemkodoka.

"Bado hujaona," alisema kontrakta, na akanyoosha mkono kuchukua koleo lililokuwa limetundikwa ukutani.

Tulimtuliza. Nondo zikabadilishwa, naye kwa aibu akalinunua lile koleo. Kocha alihesabu koleo hilo kuwa mauzo yaliyoletwa na akili ya hisia.

Mtu aliyenifanya nivumilie mambo hayo yote alikuwa mwenzangu wa kaunta. Yeye ni Mmaasai, kwao ni mbele kidogo ya Kajiado mjini, ana diploma ya biashara na kicheko kinachosikika mpaka kwa kinyozi wa ng'ambo. Mimi nilikulia Kajiado. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaenda kuuza nguo na vitunguu huko, kwa hiyo Kimaa kidogo ninacho, hasa kile cha matusi na salamu. Mwenzangu alikuwa akiniita Mama Keshia. Mimi nilimwita entito, yaani msichana, ingawa ana watoto wawili, na watoto hao walikuwa wakikaa na mama yake huko nyumbani.

Kila Jumanne mama yake alikuwa akimpa kondakta wa gari la Kajiado chupa ya maziwa, na kondakta akiishusha mlangoni petu. Hayo ndiyo yalikuwa maziwa ya chai yetu sisi wawili, kwa siri, kwa sababu wapakiaji wangejua yasingefika hata sufuriani. Kwa desturi ya Wamaasai kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijiti chenye moto, na maziwa yakilala humo hutoka na ladha ya moshi. Nimeijua ladha hiyo tangu utotoni. Lakini kila Jumanne nikinywa fundo la kwanza ilinibidi niseme jambo.

"Hii ni chai ama mmechoma msitu?"

"Kunywa, Mama Keshia. Hiyo ndiyo itakuosha roho."

Siku moja aliyapeleka maneno yangu kwa mama yake kwa simu, kwa Kimaa, akicheka. Mama alijibu kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa ili nami nisikie: "Mwambie huyo mama wa pesa, maziwa bila moshi ni ya kupaka ukuta!" Tangu hapo ikawa mchezo wetu watatu. Mimi nalalamika, mama wa Kajiado ananitukana kwa simu, na binti yake anakalimani pale ambapo hapakuwa na haja ya mkalimani. Sikuwahi kumwona mama huyo kwa macho. Nilimpenda, na nilijua ananipenda, kwa sababu mtu hamtukani keshia wa Kitengela kila wiki bure bure.

Mwaka huu mama alianza kuumwa kifua. Sauti ilipungua kwenye simu. Maziwa yaliendelea kuja, lakini mwenzangu akawa anahesabu siku kwa vidole akingoja Jumamosi jioni afunge kaunta akimbilie stendi. Wakati huo huo bosi akatangaza kwamba anafungua tawi Kajiado mjini, na anatafuta mtu wa kulisimamia. Mwenzangu aliingia ofisini kwake akasema wazi: anaitaka kazi hiyo, anaiweza, na mama yake ni mgonjwa huko, akiipata atalala nyumbani kila siku na kumwangalia mama mwenyewe. Alitoka akanishika mkono kupitia tundu la wavu wangu, pale ninapopokelea noti.

"Nikipata hii, Mama Keshia, sitaomba Mungu kitu ingine."

"Mwombe pia abadilishe bosi," nilimwambia, lakini na mimi niliomba.

Bosi wa zamani, yule wa kabla ya semina, angetazama nani anauza zaidi, mambo yangeishia hapo, na mwenzangu angekuwa Kajiado mwezi huo huo. Bosi mpya alikuwa na cheti. Akasema msimamizi atapatikana kwa alama za hisia. Kocha akakaa kwenye kiti kirefu kando ya kaunta na kuanza kutupima macho, mikono na sauti. Washindani walikuwa wawili, mwenzangu na yule kijana wa mauzo. Kijana alikuwa amegundua kwamba akishika jiwe la hisia na kufikiria timu yake ya mpira, machozi humjia bila shida, kwa hiyo alikuwa mbele kwa alama nyingi.

Wakati wa kupimwa kwao alikuja mzee mmoja wa Kisaju kutafuta waya wa ua na mabati. Alikuwa na shuka, fimbo, na saa kubwa ya dhahabu. Kijana alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamkazia macho.

"Mzee, naona unahisi uchovu."

Mzee aliuchomoa mkono wake. "Wewe ni daktari?"

"Hapana, mzee."

"Sasa uchovu yangu unaitakia nini?"

Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda zake. Mwenzangu akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja juu ya misuko yake.

"Takwenya, nakerai," alimsalimu, yaani hujambo, mtoto.

"Iko."

Wakaanza kuulizana habari. Mvua, nyasi, ng'ombe, watoto, nyasi tena. Nilidhani waya umesahaulika. Halafu mzee akanunua waya na mabati mpaka ikabidi lori liende Kisaju mara mbili, na kabla ya kuondoka akauliza huyu msichana ni wa nani, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kocha akaandika kwamba mwenzangu anakwepa macho ya wateja, anainama mbele yao, na hajiamini. Nilimwambia kupitia wavu kwamba mtoto aliyelelewa vizuri humpa mzee kichwa, si macho. Akaandika kwamba mimi napinga mabadiliko.

"Wacha, Mama Keshia," mwenzangu alisema. "Utaniongezea alama mbaya."

Sasa niseme habari ya dereva, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki.

Dereva wetu alikuwa Magadi, amepeleka mabati kule kwenye joto lililokausha hata nia ya mtu, wakati baba yake alipofariki. Ndugu zake walipiga simu dukani. Mtu mwenye akili ya kawaida angemwambia arudi, angempa ruhusa na nauli, basi. Dereva aliporudi, vumbi limemjaa nyusi, alikuta duara limekwisha kupangwa. Mshumaa ulikuwa unawaka juu ya mfuko wa saruji. Picha ya baba yake, waliyoitoa kwenye simu ya shemeji, ilikuwa imechapishwa kubwa na kuandikwa majina yote matatu, na chini kwenye kona nembo ya duka. Wakampa jiwe.

Alilia. Nani asingelia? Alisema, "Mzee wangu," akashindwa. Kijana wa mauzo alikuwa akirekodi kwa simu, na kocha akaona simu imeshikwa vibaya, imelala, na mtandaoni wanataka iliyosimama. Akamwomba dereva, kwa ile sauti laini, arudie kuanzia hapo kwenye "mzee wangu".

Alirudia. Sijui kwa nini alirudia. Nadhani mtu aliyefiwa humfuata yeyote anayempa amri.

Jioni hiyo uso wake ulikuwa kwenye ukurasa wa duka, mdomo wazi, na chini yake maneno: "Tunalia pamoja na familia yetu. Saruji bado iko kwa bei ya ofa." Alikwenda kuzika, akarudi, na tangu siku hiyo akipewa jiwe husema "niko sawa" na kulipitisha upesi kama chungu cha moto.

Mwenzangu alikuwa amesimama kando yangu siku ile ya mshumaa. Kwao marehemu hatajwi jina ovyo, sembuse kuandikwa kwa herufi kubwa na kuwekewa nembo ya duka. Kwa mara ya kwanza sikusikia kicheko chake kutwa nzima.

"Mimi wasinifanyie hivyo," aliniambia tukifunga. "Hata siku moja."

Wiki chache baadaye, Ijumaa, hakuja. Alikuwa amempigia bosi simu kwamba ana shida nyumbani, atarudi Jumanne. Bosi akasema sawa na hakuuliza, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa anajifunza kupumua kwa kutumia tumbo.

Jumanne alifika mapema, kitambaa kichwani. Siku za Jumanne duara letu lilikuwa na kitu kilichoitwa sifa ya asubuhi: kila mtu anamgeukia jirani yake na kumsifia. Kocha alimwomba aondoe kitambaa, maana kwenye duara hatujifichi. Akakiondoa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa wembe mpaka kinang'aa.

"Aki sister, hiyo cut imekuweza!" kijana wa mauzo alisema, na kwa kweli alimaanisha. "Umetoka kama model!"

Watu wakapiga makofi. Bosi akasema huo ndio ujasiri aliokuwa akiutafuta siku zote, mtu kubadilika kuanzia kichwani. Kocha akampa kibandiko cha kijani na kumbandikia mwenyewe kifuani. Mpakiaji mkongwe akasema hata yeye angenyoa kama angekuwa na kichwa kizuri hivyo.

"Asante," mwenzangu alisema.

Mimi makofi sikupiga. Mwezi huo huo alikuwa amekaa kwa msusi kutwa nzima, misuko hadi mgongoni, na hakuna mwanamke anayekata misuko mipya kwa kupenda. Hereni zake za shanga hazikuwepo, wala bangili, wala mkufu. Nilikulia Kajiado. Nimeona wanawake wa kule wakivua mapambo na kunyoa, na najua wanafanya hivyo wakati gani. Katika duara lile lote la watu waliosomeshwa kuona hisia, hakuna mwingine aliyeiona ile iliyokuwa imesimama mbele yao bila hata unywele.

Nilifungua mdomo. Akanitazama, na ule mtazamo uliniambia nyamaza. Nikanyamaza. Kama kuna cheti cha kunyamaza, siku hiyo nilistahili kupewa, na fremu ya dhahabu juu yake.

Alasiri gari la Kajiado lilipita. Kondakta alipunga mkono tu, hakushusha kitu.

Nilimfuata stoo ya saruji, nikafunga mlango.

"Yieyio?" nilimwuliza. Ni neno la mama kwa Kimaa, na nilikosa lingine la kuongeza.

Akaitika kwa kichwa. "Alhamisi usiku. Pastor alikuja tukamweka Ijumaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepiga kelele mpaka Nairobi wajue."

Ilikuwa kweli. Nilitaka kumshika lakini alikuwa amesimama kama mtu aliyebeba debe la maji lililojaa mpaka pomoni, ukimgusa tu linamwagika.

"Usiwaambie," alisema. "Watawasha mshumaa. Watatafuta picha yake."

"Siwaambii."

"Na hiyo Kajiado yao wapatie huyo kijana. Mimi niliitaka juu ya mama." Alipangusa mikono vumbi la saruji ambalo halikuwepo. "Ukitaka kunisaidia, Mama Keshia, kaa tu vile umezoea kukaa. Kasirika kama kawaida. Nikisikia unafokea watu, naona ni kama hakuna kitu imebadilika."

Basi nikakasirika kwa bidii. Wiki hiyo nilimfokea mtu wa rangi, mtu wa vigae, mchungaji aliyetaka bei ya Kikristo, na mwanamume aliyeniuliza kama misumari yetu ni mizuri. Kila nikifoka nilitupa jicho kaunta. Alikuwa akiandika risiti, kichwa kimeinama, na mara moja moja mdomo wake ulikuwa unacheza kidogo upande mmoja. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo namna ile.

Siku ya Alhamisi mzee wa Kisaju alimpigia bosi simu. Bosi huongea na simu akiwa amesimama mbele ya dirisha langu, kwa sababu anadhani keshia ni sehemu ya ukuta. Mzee na wenzake wa rika walikuwa wanajenga safu ya maduka Kajiado mjini. Vifaa vyote wangechukua kwenye tawi jipya, kwa sharti moja, kwamba watahudumiwa na yule msichana anayejua kusalimia. "Yes, mzee. Huyo huyo, mzee," bosi alisema. Alipokata simu aliketi kwenye mfuko wa chokaa na kupumua kwa tumbo.

Ijumaa asubuhi duara lilikuwa na keki. Kulikuwa na soda, viti vya plastiki, na bango lenye picha ya mikono inayoshikana. Bosi alisimama katikati, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. Nami nitasema kweli, sidhani alikuwa anaigiza. Bosi si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya naye.

"Kuna wenye walisema huyu dada marks zake ziko chini," alianza, akimtazama mwenzangu. "Mimi nikasema hapana, wacha nisikilize kwa masikio ya moyo. Na nikakumbuka aliniambia kitu. Aliniambia mama yake ni mgonjwa. Hata mimi niko na mama. Kwa hivyo dada, Kajiado ni yako. Enda ukae karibu na mama. Kila jioni ukifunga duka, umpelekee mama chai. Mwambie imetoka kwetu."

Makofi yalilipuka. Kijana wa mauzo, aliyekuwa ameshindwa muda huo huo, alipiga makofi kuliko wote, masikini, kisha akatoa simu na kuishika ikiwa imesimama. Kocha akamwekea mwenzangu jiwe mikononi.

"Tuambie," alimwambia. "Unahisi nini?"

Akalishika. Macho yalijaa, yakamwagika bila sauti hata kidogo, matone yakaanguka juu ya jiwe na kuacha madoa meusi.

"Hiyo!" kocha aliruka. "Hiyo ndiyo tulikuwa tunangojea! Machozi ya furaha! Mpigieni makofi tena! Usifute, dada, usifute, waache waone."

Watu wakapiga makofi. Wakapiga, wakapiga, na yeye amesimama katikati na kile kichwa chake, jiwe limemganda mikononi, hana pa kwenda.

Nilikuwa nimeahidi kutosema. Lakini aliniambia nikasirike kama kawaida.

Nilisimama kiti kikaanguka. Nilimpokonya kijana simu yake nikaitia mfukoni mwa aproni. Kisha nikamgeukia kocha, na kwa sauti ambayo nadhani ilifika Kisaju nikamwambia kwamba tangi lake linavuja. Linavuja tangu siku ya kwanza. Limeharibu mifuko ya saruji, limeozesha mbao, limekuza nyasi mahali ambapo Mungu mwenyewe hakupanda nyasi. Nikamwambia apande ule mnara sasa hivi, na viatu vyake hivyo, alizibe mbele ya macho yangu, la sivyo keki hii ataila na jiwe. Nikamwambia bosi ya kwake. Nikawaambia wapakiaji pia, ingawa hawakuwa na kosa, kwa sababu nilihitaji kila mtu anitazame mimi.

Wote walinitazama. Kocha alirudi nyuma mpaka kwenye mchanga.

"Naona," alisema, "naona unahisi hasira."

"Umeona vizuri! Leo umeona vizuri!"

Nyuma yao mwenzangu alikuwa amekwisha kuondoka kwenye duara. Aliyemwona akipita ni dereva peke yake. Alimtazama kichwa, akanitazama mimi, akaelewa, na taratibu akavua kofia yake. Halafu akaenda akasimama mbele ya mlango wa stoo, mgongo kwenye mbao, kama mtu anayengojea tu lori lipakiwe.

Bosi aliniambia tutaongea Jumatatu. Nilimwambia hata Jumapili naweza, baada ya ibada. Kocha alipanda mnara, lazima nikiri, na akalowa.

Ghasia zilipotulia nilipika chai. Maziwa yalikuwa ya pakiti kutoka duka la jirani, ndiyo yaliyokuwepo. Dereva alinipisha. Mwenzangu alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, jiwe la hisia bado liko mapajani mwake, akilifuta kwa upindo wa kitambaa.

Nilimpa kikombe, nikakaa kando yake.

"Utaenda Kajiado?" nilimwuliza.

"Nitaenda. Watoto wako huko. Na ng'ombe ziko, nani atakamua?"

Akanywa fundo. Akalishikilia mdomoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani, kisha akameza.

"Maziwa bila moshi," alisema, kwa sauti ya mama yake hasa, ile ya zamani, kabla ya kifua, "ni ya kupaka ukuta."

Na hapo mimi ndiye niliyelia.